Kumpita Mkwe kwenye Mteremko wa Fizi

Baraka, mwezi wa nane, 1958

Mwanangu Wilondja,

Umeshuka mtoni Mutambala kuosha pikipiki, na kutoka hapa barazani nasikia vicheko vya wenzako waliokufuata. Mama yako anakaanga ndagala za safari yako huku akilalamika kwamba fulana mbili hazitoshi kwa baridi ya Fizi, unakokwenda kukaa kuanzia kesho. Jua bado liko juu. Nina saa moja, labda mbili, kabla hujarudi na suruali iliyolowa, na nimeona heri nikuandikie kuliko kusema, kwa sababu nikisema wewe hucheka kabla sijamaliza, na mimi nikiona unacheka hugeuza maneno.

Mambo ya mnyororo na plagi fundi alikufundisha vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Ya kula, ya kulala na ya watu wa kuogopa, mama yako atayasema mpaka mlangoni, na kesho pengine atakukimbilia barabarani ayamalizie. Sitayagusa. Jambo langu ni moja, ni namna ya kumpita mtu mwingine barabarani. Najua kwako ni jambo dogo. Unaongeza mafuta, unahamia kushoto, unapita, unarudi kulia, basi. Mimi niliendesha miaka mingi kabla sijaelewa kwamba hakuna kazi nyingine ya barabara inayonitisha na kunistaajabisha kama hiyo.

Mchana huu, tulipokuwa tunakula, rafiki yako alikuuliza kama huogopi mteremko wa Fizi. Ulimjibu hivi: "Mi naogopa muntu moja tu, Babu Katikati. Akitoka na fimbo yake, barabara yote iko yake." Mlicheka wote. Mama yako naye alicheka, na ana haki, maana huyo ni baba yake mzazi. Mimi nilitazama sahani yangu. Pengine hukuona.

Wilondja, mimi ndiye niliyemvunja babu yako mguu, na kosa lilikuwa langu. Ile habari kwamba alikuwa anaendesha kinga yake, ile baiskeli, katikati ya barabara bila kusikiliza, na pikipiki ikapiga honi na bado akaziba njia, ni uongo ambao umekaa katika nyumba hii miaka mitano. Umekuvalisha, umekulipia shule, na kesho utapita mbele ya mlango wa mzee anayeubeba. Siwezi kukuacha umpite hujui.

Itanibidi nianze mbali kidogo, kwa sababu kosa lenyewe lilizaliwa mbali.

Mimi nilizaliwa juu, upande wa Bibokoboko, mahali ambapo hujawahi kufika ingawa unapaona kila asubuhi ukisimama hapa uani, pale mawingu yanapokaa. Njia zetu zilikuwa na upana wa nyayo mbili. Upande mmoja ni majani marefu, upande mwingine ni bonde. Katika njia kama hiyo huwezi kumpita mtu asipokubali. Aliye nyuma alikohoa, akataja jina la baba yake, kisha akangoja. Aliye mbele ndiye aliyechagua mahali pa kusimama, akageuka, akamtazama usoni, akasema, "Pita." Mpaka usikie neno hilo, ulitembea kwa mwendo wake, hata kama alikuwa kizee mwenye mzigo wa kuni na mvua ilikuwa inawafuata. Na kama aliye mbele ni mkwe wako, baba au mama wa mke wako, adabu ilikuwa kubwa zaidi. Uliacha kuimba. Ulivua kofia kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ni tusi. Ulipita umeinama, kimya kabisa, bila hata kukanyaga kijiti kikalia. Kumpita mkwe kwa kelele kulikuwa sawa na kufungua mlango wake kwa teke.

Kisha Serikali ikatuteremsha. Nilikuwa nimeoa juzijuzi. Walitaka vijiji vyote vikae kandokando ya barabara, mahali ambapo wanaweza kutuhesabu na kutupa kazi bila kupanda mlima. Baba yangu aliacha nyumba, shamba la maharagwe na makaburi ya wazee wake. Alifika chini akakaa miezi michache akiuliza kila jioni tutarudi lini, kisha akaacha kuuliza. Mimi tangu siku ile sijalala tena juu. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na katika vingi mtu huhama kwa kuwa alitaka kwenda mahali. Sijapata kitabu cha mtu aliyehamishwa mwendo wa siku moja tu, akabaki anaona kwao kila asubuhi.

Barabara yenyewe utakayopita kesho niliibeba kichwani, kapu la mawe baada ya kapu. Ilipofika mwisho kapita, msimamizi wetu wa kazi, alitupa nafasi ya kupumzika, tukasimama kuitazama. Wilondja, sitaki uone kwamba tulikuwa washamba. Nataka uone tulichokiona. Ilikuwa na upana wa watu wanane. Ilipinda ukingoni mwa mlima ikapotea, ikatokea tena chini, nyekundu, kama mtu amechana mlima kwa kisu. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akauliza: "Sasa hapa muntu atapisha mwenzake wapi? Hapa kila fasi iko ya kupita!" Tulicheka sana. Leo naona kwamba lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na hakuna mzungu wala mweusi aliyemjibu.

Pikipiki ilinijia nikiwa na mvi tayari. Nilikuwa tarishi wa ghala la pamba hapa Baraka, nikipeleka barua Fizi kwa kinga, nikisukuma nusu ya safari. Siku moja wakaniita, wakanionyesha ile mashine nyeusi, wakasema kwa kuwa nasoma Kifaransa nitaweza kusoma kitabu chake. Nilisoma kitabu mara tatu kabla sijaipanda, na bado iliniangusha kwenye marobota ya pamba mbele ya watu wote. Mwezi wa kwanza bamama wa sokoni walikuwa wananiita Baba Pamba.

Lakini siku ya kwanza niliyotoka Fizi nikiteremka peke yangu, nilifika kwenye ile kona ambapo milima inafunguka na ziwa lote linatokea kwa mara moja. Rasi ya Ubwari imelala ndani yake, ndefu, na juu yake hakuna hata wingu. Njia hiyo nilikuwa nimeipita mara mia kwa miguu na kwa kinga, macho yangu yakiwa kwenye mawe. Siku ile ziwa lilikuja kwangu kabla sijajiandaa. Nilisimama, nikashuka, nikakaa kwenye jiwe mpaka injini ikapoa. Nilijiuliza ni kitu gani kimenipata mimi, mtu wa njia ya nyayo mbili, hata nikapewa kuona hivi kabla ya chakula cha mchana.

Wewe utaona hivyo kesho kwenye kioo chako, ukipanda. Ukitaka kutazama, simama.

Nilidhani najua adabu ya barabara. Kumbe nilijua adabu ya njia. Nilifundishwa moja moja, na mara nyingi na watu niliowakosea. Nitakupa mfano wa yule mama wa kijiji cha kwanza baada ya daraja la magogo, ambaye huanika muhogo wake kando ya barabara. Kiangazi kimoja nilimpita mzee mmoja wa kinga mbele ya nyumba yake, na ili nimpite haraka nilifungua mafuta yote. Vumbi likainuka, likashuka lote juu ya mkeka. Mama yule alitoka akipiga kelele: "E we wa tukutuku! Kesho upite hapa na tumbo iko wazi!" Sikuelewa. Kesho yake alinisimamisha kwa mkono, akanikalisha, akaniletea bugali. "Kula. Iko yako hii, we njo ulitia chumvi." Ilikuwa imejaa mchanga. Kila tonge lilikuwa linalia kwenye meno, na watoto wake walikuwa wamekaa wananitazama kama watu wa kanisani. Nilikula nikamaliza, maana kuacha kungekuwa tusi la pili. Aliponiona nimemaliza alicheka, akanipa maji, na mpaka leo ananisalimia. Tangu siku hiyo, nikimpita mtu mahali penye muhogo, napita polepole na naendelea polepole mpaka mkeka wa mwisho.

Watu wa samaki ndio walionifundisha mengine. Asubuhi wanapanda kuelekea Fizi, wanasukuma kinga zao, vikapu vinatokeza pande zote mbili. Jioni wanateremka na maharagwe, wamepanda, na freni zao ni kiatu tu. Mmoja wao aliniambia jambo ambalo sikulipata katika kitabu cha mashine: mtu wa kinga yenye mzigo hawezi kutazama nyuma. Akigeuza shingo, mikono inafuata shingo, na kinga inafuata mikono. Kwa hiyo hakuoni. Anakujua kwa masikio peke yake. Ndiyo sababu honi ipigwe mbali, akiwa bado na nafasi ya kufikiri. Ukiipiga karibu, unamshtua, na mtu aliyeshtuka hurukia upande usioujua.

Fikiri, Wilondja. Kule juu, aliye mbele aligeuka akanitazama kabla ya kuniacha nipite. Hapa barabarani mtu ambaye hajui jina langu wala la baba yangu anaendelea kunipa mgongo wake. Haoni mikono yangu, haoni kama nimelewa au nina usingizi. Ananisikia tu, anasogea kidogo, na katika kusogea huko ameweka watoto wake na mama yao mikononi mwangu. Kisha napita, na hatutaonana tena. Wanafanya hivyo kila siku, mamia ya watu, kutoka Baraka mpaka Fizi. Sijui neno la kuliita jambo hilo. Nikiwa njiani nilikuwa nalisikia kifuani.

Na pamoja na kujua hayo yote, nilikosea.

Ilianza kwa shangazi wa mama yako. Nilikuwa nimempita barabarani injini ikinguruma, na jioni akafika kwa babu yako akasema mbele ya wageni: "Mukwe gani huyu anapita bazee na kelele sawa ngurumo? Kwabo hawakumufundisha?" Maneno hayo yalinifikia kabla ya Jumapili. Yaliniuma, maana yalimgusa baba yangu aliyelala kwenye udongo usio wake. Basi nikatafuta namna. Nikagundua kwamba kwenye mteremko, nikimwona mkwe mbele yangu, naweza kuzima injini. Pikipiki inaendelea yenyewe, kimya, kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Nikimfikia navua kofia, nainama, napita bila sauti. Nikishafika mbali nawasha tena.

Watu walipenda sana. Upande wote wa mama yako ulianza kusema, "Asukulu iko na heshima, hata na ile chuma yake." Wengine ambao si wakwe zangu walitaka niwafanyie vilevile. Nami, Wilondja, nilizipenda sifa hizo. Mtu aliyehamishwa hufurahi sana akiambiwa kwamba hajasahau kwao. Nilianza kuwatafuta wakwe barabarani.

Siku ile ilikuwa kiangazi, saa ya alasiri. Wewe ulikuwa shuleni kwa mapadri. Nilikuwa nateremka na barua, na chini kidogo ya nyumba ya kapita, pale ambapo kando ya barabara pamejaa changarawe, nikamwona babu yako mbele yangu kwenye kinga, na gunia la maharagwe nyuma yake. Alisikia injini. Akafanya anavyopaswa: akasogea kulia kabisa, kwenye changarawe, ingawa gurudumu lilikuwa linamteleza. Nikazima.

Yeye hakuweza kugeuka kwa sababu ya gunia. Alijua kwamba kila mara mimi husimama kwa kapita kutoa barua; siku ile sikuwa na barua yake. Aliposikia kimya, alifahamu kwamba nimesimama kwa kapita. Nani asingefahamu hivyo? Akatoka kwenye changarawe akarudi mahali pagumu, katikati, kama ambavyo mimi au wewe tungefanya. Na wakati huohuo mimi nilikuwa nakuja nyuma yake, kimya, kwa kasi ya mteremko, na mkono wangu wa kulia haukuwa kwenye freni. Ulikuwa umeshika kofia.

Sitakueleza sauti ile. Nilipoinuka, maharagwe yalikuwa yanateremka barabara peke yake, mekundu, mengi, yakiruka kwenye mawe. Babu yako alikuwa amekaa chini na mguu wa kulia umekwenda upande ambao mguu hauendi. Hakulia. Alinitazama akasema: "Baba Wilondja, umeumia?"

"Hapana, Baba. Mi niko muzima."

"Basi vala kofia. Utachomwa na jua."

Sikuweza kuivaa. Nikamwambia, "Baba, mi nilizima injini. Ilikuwa heshima." Akasema, "Najua. Nilisikia ukizima. Nilizani uko kwa kapita." Kisha akafunga macho kidogo kwa maumivu, na alipoyafungua alikuwa amekwisha kuamua.

Lori lilitufikia kabla jua halijazama, na ndani yake alikuwamo ajenti wa Serikali, kijana wa Kibelgiji mwenye daftari. Hakujua Kiswahili cha kutosha. Palepale hapakuwa na mtu mwingine anayejua Kifaransa isipokuwa mimi. Kwa hiyo alinisimamisha kati yake na babu yako, akaniamuru nitafsiri.

Ajenti aliuliza nani alikuwa wapi.

"Mwambie," babu yako akasema, "mi njo nilikuwa katikati."

Nikatafsiri. Hilo lilikuwa kweli.

"Mwambie tukutuku ilikuwa inalia. Mwambie ulipiga honi mara mbili. Mi masikio yangu iko ya kuzeeka."

Ajenti akainua kalamu, akaniuliza mzee anasema nini. Babu yako akaniambia polepole, kwa sauti ya mtu anayezungumza habari za mvua: "Sema vile nimesema. Usiongeze, usipunguze. Ukifungwa, nani atasomesha Wilondja? Mi sina kitu ya kumufundisha ila kupanda kinga, na kinga yenyewe unaiona."

Nikatafsiri. Kila neno la uongo ule lilipita kwenye kinywa changu, kwa Kifaransa safi, vitenzi vyote mahali pake. Ajenti alinisifu kwa Kifaransa changu. Aliandika, akamshikisha babu yako kidole kwenye wino, akaondoa kibao cha ruhusa cha Serikali kwenye ile kinga iliyovunjika, akasema wazee wakae nyumbani. Hilo nalo nililitafsiri.

Goti lake halikukunjika tena. Unalijua, umekwisha kulikwepa mara nyingi ukipita mlangoni kwake, limenyooshwa kizingitini kama mwiko. Jambo usilolijua ni kwamba lile jina, Katikati, hakupewa na watoto wala na madereva. Alijipa mwenyewe. Wiki ya kwanza, watu walipokuja kumpa pole na kuanza kuuliza ilikuwaje, na kofia yangu ilikuwa wapi, na kwa nini hawakusikia ngurumo kule kwa kapita, alianza kucheka na kusema, "Muniite Katikati! Mi niko sawa ngombe, barabara yote yangu!" Wakacheka, wakasahau kuuliza. Kila nilipopita nyumbani kwake na watu wamekaa naye, alinipigia kelele kutoka kizingitini: "Pita, Baba Wilondja, pita! Leo siko katikati!" Kila mara aliufunga mlango wa swali kwa kicheko chake mwenyewe. Miaka mitatu niliyoendelea kuendesha, sikuwahi kupita pale bila kuhisi kwamba napita mbele ya mtu mkubwa kuliko mlima uliokuwa nyuma yake. Na bado nilikaa kimya.

Injini sikuizima tena. Mkono wa kulia sikuuinua tena kwa mtu yeyote. Watu wakasema Asukulu amekuwa na kiburi. Hata wewe, ukiwapita wakwe zako siku utakapokuwa nao, utasemwa hivyo. Acha wakuseme. Wasalimu kwa kichwa. Ukitaka kumpa mtu heshima zaidi, mpite salama kwa sauti yako ileile, usiibadilishe, nenda mpaka mbele anapoweza kukuona, simama kabisa, shuka, vua kofia, umngoje akufikie. Hilo ndilo jibu ambalo yule mzee wa siku ya barabara hakulipata, na limenigharimu, au niseme kweli, limemgharimu mtu mwingine.

Jumanne nilipanda Fizi kwa lori la chumvi. Mama yako alidhani naenda kukutafutia chumba. Nilimkuta babu yako anapukuchua mahindi. Nikamwambia, "Baba, nataka Wilondja ajue."

Hakuinua kichwa. "Umechelewa," akasema. "Mi nilizani utasema mwaka ya kwanza. Nikangoja. Mwaka ya pili nikangoja kidogo. Kisha nikazoea."

Wilondja, nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya hasira, na nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya msamaha. Kwa ajili ya hilo sikuwa nimejiandaa. Miaka yote nilidhani kunyamaza kwangu ni kumtii. Kumbe alikuwa ananipisha, na alikuwa anangoja nipite.

Baadaye akauliza, "Utasema kwa mutoto tu, ao kwa bengine?"

"Kwa bengine pia, Baba. Jumapili jioni, mbele ya kanisa ya Baraka, watu wakitoka."

Akacheka mpaka gunzi likamtoka mkononi. "Watakuita Kofia! Mi nitakuwa wa kwanza." Akapukuchua tena, halafu akasema: "Basi na mi niko na neno. Dada yangu wa Baraka amezeeka, na mi sijaona ziwa tangu ile siku. Lori siwezi kupanda, hii muguu haipiti mulango. Lakini kwa tukutuku itakaa inje sawa tawi, na mi nitashika mutoto kiuno. Jumapili anishushe."

Nikasema haraka, "Baba, ile mteremko ni hatari."

"Hatari? We njo unaniambia hatari?" Na tukacheka wote wawili, mimi nikiwa na machozi, mpaka mama mkwe akatoka jikoni kuuliza tumepata nini.

Nilimwambia nitakupelekea ombi lake, na kwamba wewe ndiwe utakayeamua. Ukiona huwezi, mwambie hivyo kwa adabu, hatakulaumu. Nami sitakulaumu. Lakini nakufahamu, na najua kwamba kesho ukifika kwake utakaa naye muda mrefu kabla ya kushusha mizigo, na Jumapili atakuwa nyuma yako.

Basi sikiliza, maana sasa si habari za zamani tena. Mguu wake wa kulia utatokeza nje, mrefu kuliko usukani wako. Watu wa maharagwe watakuwa wanateremka saa hiyohiyo, na kila utakayempita atakuwa upande wa mguu huo. Usipime nafasi kutoka begani mwako. Pima kutoka kisigino cha babu yako, kisha ongeza upana wa mtu mmoja aliyeshtuka. Pasipokuwa na nafasi hiyo, tembea nyuma ya mtu wa kinga kwa mwendo wake, injini ikilia, hata mkiteremka hivyo mpaka Baraka. Mzee hana haraka. Ukifika kwenye kona ile ambapo ziwa linatokea, simama upande wa mlima, umwache atazame atakavyo, na usimwambie neno.

Mimi nitakuwa mlangoni pa kanisa. Nitaanza kusema nikiwaona mnaingia, kabla hajashuka, ili asipate nafasi ya kunizuia kwa mzaha. Wewe shughulika naye tu. Mshike kwapani umteremshe polepole, mguu mzima kwanza. Lile goti humuuma sana likikaa muda mrefu bila kuguswa, na yeye hatakuambia.

Ni mimi baba yako,
Asukulu